Mgeni hawekwi kizani

Leo nimeambiwa Wapemba tunachezea umeme. Nimekataa.

Mimi ndiye ninayepima matumizi ya umeme kwenye flati za hapa Chake, ili ijulikane pa kupunguza. Kazi hii nimejifundisha mwenyewe na hesabu sikosei. Jana vipimo vya ghorofa ya juu vilitoka vikubwa, na leo asubuhi mkuu wa mradi akanipigia simu.

"Hao wapewe semina ya kuzima swichi. Pesa za kuwawekea dari ya kuzuia joto la paa tuziache."

Semina.

Nikarudi kwa Bi Asha, ghorofa ya juu. Akawasha feni mbili, taa zote na tivii, kama jana.

"Bi Asha, kila siku huwa hivi?"

"Mwanangu, mgeni nimueke kizani na joto hili?"

(Kwenu hamwashi? Semeni kweli.)

Kumbe jana nilipima heshima.

Nikaomba nazi nimkunie. Tukazungumza mpaka ugeni ukanitoka, naye akazima taa, akazima tivii, akabakisha feni moja.

"Hii niachie. Paa likishapata jua, humu ndani tanuri."

Hapo ndipo nikasoma mita. Matumizi yameshuka chini ya nusu, na mengi yaliyobaki ni ya feni hiyo.

Ripoti nimeshatuma: dari kwanza. Anayetaka semina aje aifanyie kwa Bi Asha, saa saba mchana, feni imezimwa.