Tairi Lililotoka Kwenye Simu

Baba yangu aliuza matairi ya pikipiki Nyakunguru, kwenye barabara ya kwenda mgodini, na aliyafunga kwa mikono yake mwenyewe. Nimekulia katika harufu ya mpira. Aliniita "mama," kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akiniita hivyo mbele ya wateja nilijiona mtu mkubwa kweli. Nilikuwa na maringo, sikatai. Wenzangu walijua kupima chumvi na sukari, mimi nilijua kujaza upepo.

Dhahabu ilileta watu wa kila kabila kwetu, na mmoja wao akanioa. Mume wangu alitoka Singida na sururu begani. Duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilipojaa maji akaacha kuchimba, akanunua pikipiki, akawa anabeba abiria kutoka Kerende tulikokuwa tunaishi. Ni mtu mpole, ila mdomo wake hauna mlango. Kwao, alisema, baba mkwe ni baba tu: unamsalimia, unacheka naye, unamwomba maji ya kunywa. Kwetu siyo hivyo. Kwetu mkwe na baba mkwe wanaoneana haya. Hawabishani bei, hawatazamani usoni. Likiwapo neno linapitia kwa mtu wa katikati, na mtu wa katikati nilikuwa mimi.

"Mama, mwambie mwenzako mvua inakuja," baba angesema, na mwenzangu kasimama hapo hapo, anamsikia vizuri.

Nami nageuka: "Baba anasema mvua inakuja."

Mume wangu anauma mdomo asicheke.

Tangu niolewe, baba hakuwahi kula kwangu. Mzee wa kwetu haingii nyumbani kwa mkwe hovyo hovyo. Anaalikwa, anakaa kimya, moyo wake ukiridhika ndipo anatuma neno. Nilingoja mpaka nikaanza kuulizwa na majirani. Halafu neno likaja: Jumapili, baada ya ibada, atakuja kula. Jamani, nilivyofurahi! Nilisiliba nyumba upya, nikamfunga jogoo mguu asije akapotea.

Wiki ile ile tairi la nyuma la pikipiki likaisha, likabaki kipara. Nikaumwa na kichwa. Tukienda kwa baba, hawezi kumtajia mkwe bei. Atatoa bure, na mume wangu ataonekana ombaomba siku chache kabla ya ugeni. Tukinunua duka la pili, barabara nzima itasema binti wa mzee kamruka baba yake. Ndipo nikashika simu. Kulikuwa na muuzaji wa Dar es Salaam, kaweka picha za matairi yanayong'aa, na bei iko chini kuliko ya huku kwetu.

"Niachie mimi," nikamwambia mume wangu. "Nimezaliwa dukani."

Nikachagua kwa picha, nikatuma hela kwa simu, tairi likapanda basi. Nilimwagiza akalichukue stendi Tarime, kisha alipeleke kwa fundi wa Kerende, kimya kimya.

Ijumaa nikaenda dukani kwa baba kumuuliza kama atapenda ugali wa ulezi au wa muhogo. Madereva wa bodaboda walikuwa wamejaa kivulini wakipiga soga. Baba alikuwa na furaha siku hiyo. "Mama, wewe pika tu," akasema, "mimi nitakula hata mwiko." Tulikuwa bado tunacheka mume wangu alipofika, tairi jipya kalivaa begani. Fundi wa Kerende alikuwa ameenda msibani, na mume wangu akaona tabu ya nini, si kuna duka la nyumbani?

"Baba, shikamoo! Naomba unifungie tairi langu, limetoka Dar!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimkonyeza, wapi! Hakuniona.

 Baba alilipokea tairi, akaligeuza, akasoma namba ubavuni. Kisha akanitazama mimi.

"Mama, mwambie mwenzako hili ni la inchi kumi na saba. Rimu ya pikipiki yake ni kumi na nane. Haliingii hata ukilipiga nyundo. Na umuulize ni nani aliyemdanganya."

 Mume wangu hakusubiri nimuulize.

"Hakuna aliyenidanganya, baba. Ameagiza binti yako mwenyewe, kwenye simu. Alisema huko ni nafuu." Alisema hivyo akitabasamu, maskini. Alikuwa ananisifia.

"Hee!" dereva mmoja akaangua kicheko. "Mzee, kikulacho ki nguoni mwako!"

"Mganga hajigangi," mwingine akadakia, na kivuli kizima kikacheka.

Ningeweza kusema ukweli. Ningesema, baba, nilikuwa nalinda heshima yenu nyote wawili. Badala yake hasira zikanipanda, nikamgeukia mume wangu: "Si nilikwambia Kerende? Una akili kweli wewe? Mtu mzima huambiliki!"

Kicheko kikakatika. Kwetu mwanamke hamfokei mume wake mbele ya baba yake mzazi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Baba akaliweka tairi chini. Akamtazama mume wangu usoni, mara ya kwanza tangu anioe.

"Mkwe wangu," akasema, bila kupitia kwangu, "nisamehe. Huyu nilimlea mimi."

Basi. Akashusha tairi la kumi na nane kutoka ukutani, akapiga magoti kwenye vumbi. Mume wangu akapiga magoti upande wa pili, wakalifunga pamoja. Hela alipopewa, akaipokea na kutia mfukoni kama ya mpita njia yeyote. Pampu ilikuwa miguuni pangu, na tangu utotoni kuileta ilikuwa kazi yangu. Baba alizunguka, akaichukua mwenyewe.

Jumapili nilijua hatakuja. Alikuja, na koti lake la kanisani. Wakakaa mezani wawili, wakaongea habari za matairi na za mashimo yaliyojaa maji, wakacheka. Nilikuwa nimetamani siku hiyo tangu nivae pete. Nilimnawisha baba mikono na hakuinua macho.

Walipomaliza kula nilikuwa nimesimama pale pale, jagi la maji mkononi. Baba akamgeukia mume wangu.

"Mkwe wangu, mwambie mwenzako ugali umeiva vizuri."

Mume wangu akanitazama. Safari hii hakuuma mdomo.

"Baba anasema ugali umeiva vizuri."

"Mwambie asante," nikasema.