Jina la Mama Kwenye Habari za Saa Moja

Wikendi huku kwetu habari ni mazishi. Mtu wa mbali anaweza kudhani mhariri wa Jumamosi katika redio ndogo ya Kitui anashughulika na mpira na hali ya hewa. Mimi nashughulika na wafu nisiowajua. Jumamosi ndiyo siku ya kuzika, na wanasiasa hawajapata mkutano wa bure unaoshinda mazishi. Watu wamekusanyika tayari, vyombo vya sauti vimefungwa, na hakuna atakayezomea mbele ya jeneza. Kwa hivyo namtuma ripota mmoja Mukuyuni, mwingine Mwingi, halafu naketi ofisini peke yangu nikingoja sauti ziingie kwa simu.

Sauti zenyewe ni zile zile. Mheshimiwa amemjibu mwenzake kuhusu bwawa lililokauka. Mwenzake atamjibu Jumamosi ijayo, kando ya kaburi lingine. Marehemu hatukuwa tunamtaja kabisa. Mhariri mkuu, ambaye wikendi hukaa kwake akitusikiliza, alikuwa amepiga marufuku. Jina la marehemu, alisema, ni la matangazo ya vifo yanayolipiwa na kusomwa asubuhi. Kwenye habari linakula muda. Tukawa tunasoma tu "katika mazishi huko Mwingi", basi, kama vile watu walikuwa wamekuja kufukia shimo.

Mama yangu hakuipenda sheria hiyo. Aliishi Kanyangi, akilima ndengu na mbaazi, na redio yake ndogo aliitundika kwenye mti wa ua akipalilia. Kila Jumapili nilipompigia simu alianza na makosa yangu kabla ya salamu.

"Jana mmezika mtu tena bila jina," aliniambia siku moja. "Kwani alikuwa mbuzi?"

Nikamweleza habari za matangazo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Siku yangu ikifika, usiniweke kwa matangazo peke yake. Hayo ni ya kila mtu. Wewe ni mkubwa huko. Nitaje kwa habari."

Nilicheka nikamwambia sawa. Alikuwa na nguvu zake wakati huo, na ahadi ya namna hiyo haimsumbui mtu.

Alipofariki tulipanga kumzika Jumamosi, kama kawaida. Nilimwendea bosi, yule mhariri mkuu, nikaomba ruhusa, nikaomba na sentensi moja katika habari za saa moja jioni. Jina lake na kijiji chake, si zaidi. Alinipa pole, akasema zamu yangu ataishika mwenyewe, na kuhusu sentensi akasema, "Hiyo haiwezi kukosa, madam." Nilimwamini. Nikawaambia na jamaa zangu, jambo ambalo hadi leo linaniuma.

Siku ya mazishi, kakangu alikuwa katikati ya kusoma historia ya mama, amefika pale alipotusomesha kwa kuuza ndengu, msafara wa magari ukaingia bomani. MC alimnyang'anya kipaza sauti hata bila kumwomba radhi. "Hiyo historia mtasoma nyinyi wenyewe kwa nyumba," akasema. "Mheshimiwa ako na mazishi ingine."

Mheshimiwa alikuwa ametoka kuzika kwingine asubuhi hiyo, na alikuwa bado na maiti ya asubuhi kichwani. Alisimama karibu na picha ya mama, mama amevaa kitambaa chake cha kanisani, akaanza kumsifu chifu mstaafu. Mzee wetu, alisema, alikuwa mwanamume wa msimamo. Mzee wetu alimshika mkono akiwa kijana, akamfundisha uongozi. Kisha akageukia bwawa.

Nilitazama watu. Mchungaji aliinamisha kichwa. Akina mama wa kanisa walitazama viatu vyao. Halafu mtu mmoja nyuma akapiga makofi, na wote wakafuata, kwa sababu huku kwetu mgeni wa mazishi hasahihishwi, na mheshimiwa ndiyo kabisa. Ripota wangu mwenyewe alikuwa amenyoosha kinasa sauti juu ya jeneza. Alinigusa bega akaninong'oneza, "Pole sana madam. Lakini songa kidogo, uko mbele ya mic."

Nikasonga.

Jioni majirani walikuwa wakiosha masufuria, na mjomba wangu, kaka yake mama, akaileta ile redio ndogo akaiweka juu ya kiti. Watu wakanyamaza. Mheshimiwa alikuwa wa pili katika habari. Msomaji akasema alikuwa akizungumza Kanyangi katika mazishi ya chifu mmoja mstaafu, kisha ikaja sauti yenyewe, mzee wetu, mwanamume wa msimamo, bwawa.

Mjomba akaizima na kusema kwa upole, "Si mbaya. Kanyangi wametaja." Alikuwa ananifariji mimi. Niliona aibu kuliko nilivyoona huzuni, na sijawasamehe wenzangu wa redio kwa kunipa aibu siku ambayo haki yangu ilikuwa ni kulia tu.

Niliporudi kazini nilidai tusahihishe.

"Nani amelalamika?" bosi akauliza.

"Mimi."

"Wewe si msikilizaji. Wewe ni wa nyumba hii." Akafunga mlango, akashusha sauti. "Fikiria kidogo. Tukisema aliyezikwa ni mama, tumesema mheshimiwa hakujua anazika nani. Hapo hatujajisahihisha sisi. Tumemsahihisha yeye. Na ofisi yake ndiyo inalipia vipindi vyetu."

Alisema hivyo bila haya, akiniangalia usoni, kisha akaniuliza kama nilizika salama.

Tangu hapo kila Jumamosi nawauliza maripota jina la marehemu kabla ya kuuliza mheshimiwa amesema nini. Mwanzoni hawakuwa wanajua. "Sikuuliza, madam," walisema, wakiwa wamesimama hatua chache tu kutoka kaburini. Sasa wanajua kwamba bila jina sipokei sauti. Naliweka katika sentensi ya kwanza. Bosi alinigombeza, kisha akachoka, maana majina hayo hayamwaibishi mtu yeyote mkubwa. Familia zinapiga simu kushukuru. Wananiita mtu wa watu.

Nimewataja wafu wa Mukuyuni, wa Mwingi, hata wa Kanyangi, majirani wa mama waliozikwa hatua chache kutoka kwake. La mama halijasomwa. Mara kadhaa nimeliandika juu ya taarifa, nikalitazama, nikalifuta kabla msomaji hajaingia studio, kwa sababu mheshimiwa bado ni mheshimiwa na mimi bado nahitaji kazi. Kwenye redio yetu, aliyezikwa Kanyangi siku ile ni chifu mstaafu.

Redio ya mama iko kwangu. Siiwashi wikendi.