Nimefuga samaki wa bahari Lodwar, na Mzee wangu akawapa magadi

Wakuu, ejok nyote, ndiyo salamu yetu Waturkana.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu, nachungulia nyuzi za watu wa kuku na sungura halafu napita. Leo nami naleta yangu. Sijaongeza chumvi, isipokuwa ile iliyo kwenye maji, na hiyo mtaisikia sana. Anayebisha, picha ninazo.

Mimi naitwa Ekai, ni fundi wa friji na solar hapa Lodwar. Miaka ya nyuma nilienda Mombasa kwa kazi ya cold room kwenye hoteli moja. Pale mapokezi kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa bahari na matumbawe yanayocheza majini. Kazi yangu ilikuwa jikoni, lakini kila nikipata nafasi nilikuwa pale mbele nimeganda. Nikaapa siku moja nitakuwa na langu.

Mke wangu Nafula, mtu wa Kitale, huwa ananiambia kichwa changu kimeungua na gesi ya friji. Labda.

Tangi nililipata Kakuma. Kuna mama mmoja kutoka South Sudan ana duka la soda baridi kule kwenye kambi ya wakimbizi, mimi ndiye humtengenezea freezer. Alikuwa na tangi la kioo aliloachiwa na mzungu fulani aliyehama, na ndani yake alikuwa anauzia maandazi. Nikamwomba.

"Ya akhui, ndugu yangu, chukua tu," akasema. "Hii kioo inanisumbua, watoto wananyoosha kidole hapo siku yote."

Maandazi yakahamia kwenye ndoo, mimi nikapanda gari na tangi langu mapajani kama mtoto mchanga.

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze kuhusu Mzee, kwa sababu bila yeye uzi huu haupo.

Baba yangu ni mchunga mbuzi wa kijiji cha Nakalale. Ukame ulimaliza mbuzi wake wote, akabaki na fimbo. Wakati huohuo macho yote mawili yakashikwa na mtoto wa jicho. Nikamleta kwangu Lodwar, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, likapona vizuri. La pili akaambiwa asubiri zamu yake.

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Alikuwa anakaa mlangoni kutwa nzima. Mara kwa mara ananiambia anarudi Nakalale. Nikimuuliza anarudi kufanya nini, ananiuliza na hapa anakaa kuchunga nini.

Nilijua tu kwamba akienda, hilo jicho la pili limekwenda. Na hilo moja lililopona, bila dawa na kule vumbini, sijui lingekaa muda gani. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nikiwa naandaa tangi langu la anasa. Nilikuwa naogopa kila nikirudi jioni nitakuta kiti chake kitupu.

Turudi kwenye maji.

Kosa la kwanza. Sisi watu wa huku tukinywa maji ya Ziwa Turkana tunasema ni ya chumvi. Kwa hivyo akili yangu ikaniambia, ninunue chumvi ya nini na ziwa liko hapo tu? Nikaongea na jamaa wa lori la samaki wakavu, akaniletea mitungi kadhaa kutoka Kalokol, kando ya ziwa. Nikajaza tangi, nikapima kwa kipimo cha chumvi nilichoagiza Nairobi pamoja na pampu.

Kipimo hakikushtuka hata kidogo.

Nikampigia muuzaji wa Nairobi aliyeniuzia pampu, nikamwambia kipimo chake ni kibovu. Akaniuliza maji nimetoa wapi. Nilipomwambia, alicheka mpaka nikakata simu. Maji ya ziwa letu ni ya magadi, na chumvi yake haifiki hata robo ya ile ya bahari. Samaki wa bahari hapo haishi. Nilimwaga yote nje na mwarobaini wangu ukaninunia.

Nikaagiza chumvi yenyewe ya aquarium, nikanunua maji yaliyosafishwa pale wanapojaza madumu mjini, nikachanganya. Safari hii kipimo kikakubali.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Matumbawe hayataki joto, na Lodwar mnaijua, au kama hamuijui basi fikirieni jiko lililosahauliwa likiwaka. Maji yalikuwa ya moto kiasi cha kuoga. Mimi si fundi wa friji? Nikachukua compressor kuukuu nikaunda mtambo wa kupoza. Ulinguruma, ukazima stima ya nyumba nzima, ukanuka. Nikaunda tena. Ukanuka tena.

Nafula alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Akaniuliza, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "Baba Ekiru, maji yako ya kunywa unapozaga na nini?"

Wakuu, niliona aibu. Nje pale ulikuwa umening'inia mtungi wangu wa maji ya kunywa, umevishwa gunia lililoloweshwa, kama ulivyo kwenye kila boma la huku. Upepo wetu mkavu ukipiga gunia bichi, maji ndani yanapoa yenyewe. Nimeyanywa maji hayo tangu nazaliwa.

Nikalivisha tangi gunia pande tatu, ncha zake nikazitumbukiza kwenye beseni la maji ili liwe linajinyonyea lenyewe. Juu nikaweka feni ndogo ya solar inayopuliza uso wa maji. Jioni kipima joto kilikuwa pale kinapotakiwa. Mtambo wangu uko nyuma ya choo mpaka leo, kuku wanautagia.

Kwa wanaoanza, shikeni hili: maji yakipungua kwa upepo, chumvi haiendi nayo. Unaongeza maji matamu, huongezi ya chumvi. Na mchanganyiko wa akiba uwe tayari siku zote. Mimi wangu nilikuwa nauweka kwenye mtungi wa pili, nao nikauvisha gunia.

Nikapanga mawe ya bahari ndani ya tangi, yakakaa mpaka bakteria wazuri wanaosafisha maji wakashika. Hapo usiwe na haraka, wengi huua samaki kwa haraka. Halafu nikaleta matumbawe mawili madogo, yaliyokuzwa kwenye tangi la mfanyabiashara mwenye kibali, na clownfish wawili, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Walikuja na ndege ya asubuhi ndani ya mfuko wa oksijeni, wakabebwa na rafiki yangu aliyekuwa anarudi kutoka Nairobi.

Mzee akasogea kuangalia. Tunaongea Kiturkana, hapa nawatafsiria.

"Hawa wanakamuliwa?"

"Hapana, Baba."

"Wanachinjwa?"

"Hapana."

"Utawauza?"

"Hapana."

Akafikiri. "Basi hawa ni wageni," akasema, akarudi mlangoni kwake.

Lakini kesho yake kile kiti chake kidogo cha mbao, ambacho usiku hukilalia kichwa, kilikuwa kimehama kutoka mlangoni hadi mbele ya tangi. Aliyepanuka mistari myeupe akamwita Nakwang. Mwingine, mwekundu zaidi, akawa Loreng. Kwa rangi ya mwili, kama alivyokuwa akiwaita ng'ombe na mbuzi wake. Nilijifanya sijaona, moyoni nafurahi.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe bado. Hospitali ikapiga simu kwamba zamu ya jicho la pili imefika, Mzee akakataa kabisa. Akasema jicho moja linamtosha mtu asiye na mbuzi, na baada ya siku ya soko yeye anapanda gari la Nakalale. Akishaamua jambo, Mzee hashawishiki. Nimekua nalo hilo, nalijua.

Sasa siku yenyewe.

Nilikuwa Kakuma, niko chini ya freezer ya yule mama wa soda. Betri ya solar inayoendesha tangi nilikuwa nimeichomoa asubuhi kupimia paneli za mteja mwingine, nikasahau kuirudisha. Ndio, fundi solar mzima. Feni na pampu zikabaki zinategemea stima ya mjini, na mchana ule stima ikapotea. Beseni la gunia nalo lilikuwa limekauka. Nafula yuko sokoni.

Mzee peke yake ndiye aliyekuwepo. Akaona Nakwang na Loreng wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Akafanya kile ambacho mchungaji yeyote wa huku angefanya mnyama wake akinyong'onyea. Mbuzi akilegea, unampa chumvi alambe. Akafungua kopo lake la tumbaku, akatoa bonge la magadi analochanganyia tumbaku, akalitumbukiza ndani ya tangi.

Maji yakageuka meupe kama maziwa.

Nafula aliporudi alimkuta Mzee amekaa nje juani, viatu vyake vya akala miguuni, blanketi limefungwa, fimbo mkononi. Akanipigia simu, akasema nisikie mwenyewe, akaweka loudspeaker. Kwa Nafula Mzee huongea Kiswahili chake cha soko la mbuzi.

"Mama, mimi nimemaliza mbuzi yangu. Sasa nimemaliza hata hii ya kijana yangu. Wacha mimi naenda."

Nilijua samaki wakifa, Mzee amekwenda, na sitamrudisha tena. Sikuwa nawaza tangi tena. Nilikuwa nawaza jicho.

Nikamwambia Nafula achukue ule mtungi wa akiba kwenye gunia, amimine kwenye beseni kubwa, samaki wahamishiwe humo haraka.

"Mimi sishiki samaki mzima," akasema. Na kweli hashiki, hata tilapia wa Kalokol mimi ndiye humparia.

"Basi mpe Baba kikombe."

Nikamsikia Mzee anabisha, Nafula anambembeleza, mpaka Nafula akaniambia wote wawili wako ndani ya beseni. Halafu nikaongea na Mzee mwenyewe kwa Kiturkana. Nikamwambia wako hai bado, ila wanakosa pumzi. Achote maji kwa kikombe, ayainue juu, ayamwage tena kwenye beseni, na asiache mpaka nifike.

Akauliza jambo moja tu: "Nikiacha watakufa?"

Nikasema ndiyo.

Nilipanda pikipiki na mikono yenye grisi. Barabara ya Kakuma hadi Lodwar nimeipita mara nyingi sana, ila sijawahi kuiona ndefu vile. Njiani sikupiga simu. Niliogopa kuambiwa.

Nilipoingia uani nikakuta wamehamia kivulini. Blanketi la Mzee, lile alilokuwa amelifunga kwa safari, lilikuwa limeloweshwa chepechepe na kuvikwa beseni pande zote. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Yeye mwenyewe amepiga magoti, anachota, anainua, anamwaga. Nafula alikuwa amejaribu kumpokea, akakataliwa.

Nikainama kuangalia ndani. Nakwang na Loreng walikuwa chini kabisa ya beseni, mapezi yanakwenda, wanazunguka kikombe kana kwamba kinawaudhi.

Wakuu, nilikaa chini nikalia. Naisema wazi.

Tangi nililimwaga nikalianza upya, mawe nikayasuuza kwa maji ya chumvi. Tumbawe moja lilikufa, nalo nalijutia. La pili lilijifunga mpaka nikalikatia tamaa, kisha asubuhi moja tukalikuta limefunguka lote. Betri sasa nimeifunga kwa bolt, hata mimi mwenyewe kuitoa ni kazi.

Jioni ya siku ile ya beseni, tulipokuwa tunakunywa chai, Mzee akaniuliza, "Kwa hivyo hawa hawalambi chumvi?"

"Baba, hawa wanaishi ndani ya chumvi."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akamwaga chai, na Nafula akatoka jikoni kuona kuna nini. Tangu mbuzi waishe sikuwa nimemsikia akicheka.

Siku ya gari la Nakalale ilipofika, gari liliondoka bila yeye. Wazee wenzake waliokuja nalo aliwaingiza ndani, akawakalisha mbele ya tangi, akawaonyesha kila mnyama kwa jina lake na tabia yake. Walipouliza nani aliwaokoa, hakunitaja mimi wala gunia. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina chai.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyeniuliza hospitali ilisema lini. Tulipofika, kabla hata hajalala kitandani, akamwambia sista kwa Kiswahili chake, "Fanya haraka kidogo. Mimi niko na mifugo kwa nyumba."

Sista akanitazama. Nikamwambia ni kweli.

Bandeji ilipotolewa tulirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Akaangalia tangi kwa muda mrefu, akifunga jicho hili, akifunga lile. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nangoja neno.

"Ekai," akasema, "kioo hiki ni kichafu hivi kila siku, na ulinyamaza kwa sababu ulijua sioni?"

Tangu hapo yeye ndiye anayesugua.

Nilichojifunza wakuu, maji ya bahari hayatengenezwi kwa kukisia. Mazingira yako usiyadharau, gunia limenishinda mimi na vyeti vyangu. Na mtu aliyezoea kuchunga mpe cha kuchunga, hata kama hakikamuliwi.

Wenye matangi ya bahari sehemu za joto, semeni mnapoza vipi, na kama kuna anayejua tumbawe gumu linalovumilia huku kwetu anieleze. Wa kunicheka kuhusu maji ya Kalokol nao wapange foleni. Mzee atasomewa majibu yote, kwa hivyo chagueni maneno.