Swali la Drone kwenye Foleni ya Komini

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, hapa Kindu, nimechoka kungoja karatasi, mademoiselle mmoja, dada wa utafiti, akatufikia na tablet. Alikuwa akiuliza, kama wenzake wanavyouliza katika nchi nyingi, ikiwa tungekubali kuletewa chakula na drone, ile ndege ndogo isiyo na rubani.

Mama muuza pondu, majani ya muhogo, aliyekuwa mbele yangu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Inavuka muto?" akauliza, akionyesha upande wa mto.

"Inavuka, mama."

"Hata kama basoda na bunduki zao wanakataza mitumbwi?"

"Mama, vita ilishaisha!"

Mama alishika ncha ya kikwembe chake. "Wakati ya vita, mama yangu alibakia ngambo, mugonjwa. Kila siku nilipika bukari, ule ugali wetu, nikaipeleka mupaka ku muto, basoda wakanirudisha. Siku walifungua njia, nilikuta kaburi."

Mademoiselle akaitazama tablet yake.

"Sasa ni ndiyo ao hapana?"

Mama akageuza macho upande wa mto. Mademoiselle akabonyeza kioo. Nilichungulia, nikasoma: "Anasita kwa sababu ya mila."

Hasira ikanipanda. "Mila gani, dada? Huyu angeikubali hiyo ndege tangu wakati wa vita!"

"Papa, jibu hiyo haiko humu," akasema akigonga tablet, akamgeukia mtu mwingine.

Basi siku moja mtasoma kwamba watu wa Kindu wanaikataa drone kwa ajili ya mila. Ninayoijua mimi ni mila ya kumpelekea mgonjwa chakula, na mama yule alizuiwa kuitimiza.