Majani Mabichi Mtoni

Baba alikuwa polisi wa redio kule Bwera, chini ya milima, na kila asubuhi saa tatu alipeleka Kasese habari za hali ya hewa. Kipimo cha mvua kilikuwa nyuma ya ofisi, kimezungushiwa seng'enge ili mbuzi wa kambi wasikiguse. Alisoma mara mbili, akaandika daftarini, akatia sahihi, ndipo akaita kwenye redio. Sijaona mtu mwingine aliyeheshimu tone la maji kiasi kile. Niliamini mvua haithubutu kunyesha bila kumwambia.

Lakini sisi wa kambini tulikuwa wageni, watu wa nchi tambarare. Kwetu mvua ni ile inayokulowesha. Siku moja kipimo kilikuwa kikavu, baba akapeleka: "Mvua hakuna, afande. Jua tu." Basi mama na wake wengine wa polisi wakateremka mtoni kufua yunifomu, na mimi nikakaa juu ya jiwe katikati ya maji.

Mwanamke mmoja wa Kikonzo, mwenyeji wa milima ile, alikuwa anapita na maharage yake kutoka Munkunyu. Alitazama maji, akatupa kikapu.

"Nyinyi mama, toka! Hii majani iko mbichi!"

Wakamcheka. Loo! Alishika fimbo akawachapa kama anafukuza ng'ombe shambani, na mimi akanibeba kwapani. Mama alikuwa bado anamtukana yule mwanamke, mto ulipofika na mawe na miti mizima. Yunifomu zote zilikwenda, na siku ya gwaride afande mkubwa alivaa suruali ya kuazima.

Yule mama alitueleza akiokota maharage yake. Majani makavu huanguka yenyewe. Yakija mabichi, ujue huko juu mlimani mvua inararua miti, hata kama hapa jua linakuchoma utosi.

Baba angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini alirudi redioni, nami nikiwa mlangoni nikamsikia: "Afande, ripoti yangu ya asubuhi ilikuwa mbaya. Nilipima uwanja wangu, sikupima mlima." Tangu siku hiyo alianza kwanza mtoni, akaangalia majani, ndipo akaja kwenye kipimo. Nilimpenda zaidi kwa hilo kuliko kwa nyota zote ambazo hakuwahi kuzipata.

Nilipokuwa mtu mzima, redio ya Kampala ilitaka watu wa kuleta habari kwa Kiswahili, na Kiswahili cha kambini nilikuwa nacho tele. Nikapewa mvua na mafuriko ya Kasese. Bosi wangu alitaka dhoruba, mimi nikamletea manyunyu, mpaka akaniambia wazi: mwezi huu ukiisha bila habari kubwa, tafuta kazi nyingine.

Siku chache baadaye, jua likiwaka, nilivuka daraja la mto Nyamwamba nikaona majani mabichi majini. Moyo uliruka kwa furaha. Ndiyo, furaha, Mungu anisamehe. Nikakimbia posta, na simu ya Kampala, ambayo huingojei chini ya nusu siku, ikapatikana papo hapo.

"Mafuriko yanakuja," nikasema.

"Usiondoke! Taarifa ya saa saba utaisema mwenyewe."

Nikangoja. Dirishani nikawaona wake wa askari wanateremka mtoni, mabeseni vichwani, wanacheka. Wageni, kama sisi.

Niliacha simu inaning'inia. Fimbo niliivunja kwenye mti njiani. Nilichapa, nilitukana matusi ya gwaride, mmoja akanizaba kofi hadi leo nalikumbuka. Mto ulipokuja tulikuwa sote juu ya ukingo, na aliyenizaba ndiye aliyenishika mkono kwa nguvu zaidi.

Jioni nilipata simu tena.

"Wamekufa wangapi?" bosi akauliza.

"Hakuna."

"Sasa habari iko wapi?"

Kazi ikaishia hapo. Nilikwenda kwa baba, mstaafu wakati huo, nikamlilia bila aibu. Hakunibembeleza, hakuwa na mambo hayo. Aliuliza tu wanawake walikuwa wangapi. Kumi na mmoja, nikasema. Akachukua daftari lake la mvua, akaandika polepole: "Mvua hakuna. Mto umejaa. Wanawake kumi na mmoja wamerudi nyumbani."

Alisoma mara mbili. Kisha akanisogezea kalamu nitie sahihi, kwa sababu ripoti ilikuwa yangu.