Sabufa ya Kupelekea Begi

Mziki wa gari langu ulikuwa na tabia moja ya kunidhalilisha: ukifika ukweni unazima. Njiani sabufa inanguruma mpaka vioo vinatetemeka, wanawake wanacheza nyuma ya gari na begi la zawadi za bibi harusi kichwani, lakini tukikaribia tu mlango wa watu, kimya! Tulipopeleka begi la binamu yangu kule Fukayosi, wenyeji walitutungia wimbo wa kutucheka palepale. Nilitamani kulia.

Sasa ilikuwa zamu ya mdogo wangu wa kiume, na begi lilikuwa linakwenda Mlingotini. Dada mkubwa ni mimi, gari langu, mziki wangu. Ukizima tena, mdogo wangu ataingia kwenye ndoa akizomewa, na ukweni hawasahau.

Mama alishatoa hukumu. "Hasidi hana sababu, mwanangu. Gari hili wamelitia kijicho." Basi kila mziki ulipozima, alifungua mlango wa nyuma, akaweka chetezo, akaifukiza amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti, kwa ubani huku akisoma dua. Na wallahi, ulirudi! Ungembishia vipi? Nyumba nzima tuliamini, nami nikawa natembea na ubani garini kama wenzangu wanavyotembea na jeki.

Siku ya kujaribu mziki nyumbani, ukazima, na ubani umekwisha. Nikaigusa amplifaya, ikaniunguza. Mama akaenda dukani akiacha mlango wa gari wazi. Kabla hajarudi, mziki ukarudi wenyewe, na amplifaya imepoa. Lo! Kumbe miaka yote hiyo kilichokuwa kikiiponya ni upepo!

Nikasoma maandishi ya ubavuni mwake: isiungwe na spika yenye ukinzani chini ya omu mbili. Sabufa yangu ina koili mbili, kila moja omu mbili. Fundi aliyenifungia mziki aliziunga sambamba, umeme uingie zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo amplifaya ilikuwa inaona omu moja tu. Ikawa inavuta umeme kupita uwezo wake, inachemka, inajizima isiungue. Nikamwita fundi aziunge mfululizo, umeme upite koili moja ndipo uingie ya pili, zifike omu nne.

Akakunja uso. "Sauti itapungua, dada."

"Ipungue! Kelele za njiani zimenisaidia nini?"

Akanuna. Nikachukua bisibisi, nikaunga mwenyewe.

Mlingotini tulifika jua kali. Kweli sauti ilipungua, lakini kidogo tu. Wanawake wa upande wa bibi harusi walikuwa wamejipanga mlangoni, kanga zimefungwa viunoni, vicheko viko tayari. Wakasubiri tuzimikiwe. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine. Nikapeleka mkono nyuma kuigusa amplifaya: vuguvugu. Nikapiga kigelegele peke yangu humo garini, kama mwehu. Wimbo wa tatu ulipoingia, wenyeji wenyewe walikuwa wameacha mlango na wanacheza na sisi, vumbi mpaka magotini.

Mwishowe mama wa bibi harusi akaja kugonga kioo changu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Tafadhali zima, basi. Tumeshindwa hata kulipokea begi."

Nikamwomba asubiri wimbo uishe. Akasubiri. Ulipoisha, nikazima kwa mkono wangu.