Tangi la Wyson Lilivyogoma Kunywa

Mtaa wote wa Mchesi, jijini Lilongwe, ulimjua Wyson Chidothe kwa magodoro. Aliwashonea wanaooa, akawashonea waliojifungua, na pikapu yake kuukuu ndiyo iliyoyafikisha kwa wenyewe nyumbani. Hakuwa mtu wa makuu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, hakuweza kuona kitu kinavuja akakiacha.

Wiki ile nyuma ya pikapu hapakuwa na godoro la mteja. Alilala baba yake, mzee Biziweki, mifupa mitupu chini ya kitenge. Hospitali ilikwisha kunawa mikono. Mzee naye hakuomba dawa, aliomba afikishwe Nkhotakota kwa dada yake Enelesi, afie upande wa mama yake kama Mchewa yeyote mwenye kwao. Lakini Lilongwe ilikuwa kavu, haina petroli. Petroli ilipofika kituo kimoja, Wyson alikuwa amekesha kwenye foleni, akimnywesha mzee uji kwa kijiko na kumfukuzia nzi.

"Tumefika?" mzee aliuliza kila waliposogea.

"Bado, Baba. Tumekaribia."

Zamu yake ikawadia. Mhudumu wa pampu, mwanamama mmoja aliyeitwa Tiyamike, akatia mdomo wa pampu ndani ya tangi na kubonyeza. Tak, pampu ikajikata. Akabonyeza tena. Tak. Mara ya tatu petroli ikarudi juu na kumwagikia viatu vyake.

"Bambo, tangi lako limejaa," alisema, akimwita bwana kwa Kichewa.

"Limejaa nini, mama? Halina hata tone. Bonyeza taratibu."

Akabonyeza taratibu. Tangi likatema. Nyuma honi zikaanza.

"Toa hilo jeneza lako hapo, tuna safari zetu," dereva mmoja wa teksi alipaza sauti.

"Niwekee kwenye dumu basi, nitamimina mwenyewe," Wyson alisihi.

"Madumu yamekatazwa. Unamwona askari yule? Unataka nifukuzwe kazi? Sogea pembeni, bambo. Wenzako wanangoja."

"Nina mgonjwa."

"Na mimi nina foleni."

Walimsukumia gari mpaka nyuma ya ukuta wa kituo, na nafasi yake ikamezwa papo hapo. Wyson akaingia chini ya pikapu. Akafuata bomba la kujazia kwa vidole, kutoka mdomoni mpaka tangini. Halikubonyea wala kujikunja. Pikapu hii imekunywa miaka yote bila kinyongo, leo ina nini? Ndipo vidole vikagusa kile kimpira chembamba kinachopanda sambamba na bomba, vikakutana na kitu kigumu chenye utelezi. Sabuni.

Aliiweka mwenyewe. Siku walipokwenda hospitali mzee alilalamika kwamba harufu ya petroli inamtapisha. Wyson akanusanusa, akakuta harufu inatoka kwenye kimpira kile, akakanda sabuni ya kufulia na kukiziba barabara, kama sisi sote tunavyoziba tangi linalovuja. Kumbe hapakuwa na uvujaji. Tangi lilikuwa linapumulia pale. Petroli haiwezi kuingia kama hewa haina pa kutokea, na yeye, kwa huruma yake, alikuwa amelikaba koo. Akaikwangua sabuni kwa sindano ya magodoro huku akilia waziwazi, hakujali nani anamwona. Hewa ikatoka ikipuliza.

Sasa gari lilikuwa zima na foleni ilizunguka hadi sokoni. Akamkimbilia Tiyamike.

"Nimelitengeneza, mama. Nipe dakika moja tu."

"Rudi nyuma ya foleni. Na sidhani kama petroli itakufikia."

"Baba yangu anakufa."

Tiyamike hakumtazama usoni. "Anayekufa anapanga foleni, bambo. Aliyekufa ndiye anayepita mbele. Sheria hiyo sikuiweka mimi."

Ni kweli, hakuiweka yeye. Gari la msiba, likifungwa matawi ya miti mbele, hupishwa na kila mtu, hata mlevi huvua kofia. Wyson alirudi nyuma ya ukuta, akakaa ukingoni mwa pikapu na kumweleza mzee kila kitu, kuanzia sabuni mpaka maneno ya yule mama. Mzee alisikiliza macho ameyafumba.

"Mti upo hapo?" aliuliza.

"Baba, hapana. Siwezi."

"Kata matawi."

Kisha, kwa mkono uliokuwa hauwezi tena kushika kijiko, mzee Biziweki akavuta kitenge na kujifunika uso.

Wyson alikata matawi, akayafunga mbele ya pikapu, na foleni nzima ikapisha. Dereva wa teksi aliyetukana alishuka akasaidia kusukuma. Wanawake waliokuwa wakiuza maandazi waliacha mabeseni, wakaizunguka pikapu na kuanza kulia, kilio kile cha kweli ambacho kila mmoja hulilia wake. Tiyamike akabonyeza, na safari hii tangi likanywa bila kusita. "Nisamehe, bambo," alisema kwa sauti ndogo. Wyson alikuwa akitazama kitenge kwenye pua ya mzee, akiomba kisisogee watu wasione, akiomba kisogee ajue.

Alipoupita mji alisimamisha gari, akaruka nyuma na kufunua uso.

"Wamenilia vizuri," mzee alisema polepole. "Enelesi hataweza kulia hivyo, amezeeka."

Wyson alicheka, machozi yakimtoka. Akaenda mbele ya gari, akashika matawi ayang'oe, maana aliyaona kama uchuro.

"Yaache," mzee aliita kutoka nyuma. "Ya nini kuyang'oa, halafu uyakate tena keshokutwa? Endesha, mwanangu."